Blues ya Saluni

Jumamosi nilikuwa saluni mtaani kwetu Nakuru, mtoto mapajani, na msusi alikuwa ameweka gitaa za wazungu, maana tangu uchaguzi ukicheza nyimbo za lugha ya kwenu watu wanaanza kukupima kwa kabila lako. Mteja wa pili akauliza blues na pop-rock zinatofautiana wapi, yeye anasikia gitaa tu.

"Blues mtu analia peke yake," msusi akasema. "Anaimba mstari, anaurudia, halafu wa tatu ndio jibu. Pop-rock ina korasi, kiitikio cha kila mtu."

Mwanamume tusiyemjua akasimama mlangoni, akaninyooshea kidole. "Mathe, kwenu ni wapi?"

Nikamkumbatia mtoto.

"Nimekuuliza, kwenu ni wapi?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Kwetu ni hapa, na sitoki kabla nimalize kusukwa."

"Hata mimi kwetu ni hapa," mteja akasema.

"Hata mimi," akasema msusi, chanuo mkononi.

Mwanamume akatuangalia, akaenda zake. Msusi akaongeza sauti ya muziki. "Umeanza na blues, dada, tukamaliza na pop-rock."

Msomaji, najua nitaulizwa tena. Ukiwa karibu, ingia kwa korasi.