Mkono Uliokwenda Ukabaki Kuuma

Mtaani walimwita Fundi Randa, maana ubao ukipita mikononi mwake hautoki na kikwaruzo. Siku msumeno wa umeme ulipomkata mkono wa kushoto, alijikaza kisabuni, na kidonda kikapona vizuri. Kilichomshinda ni ule mkono uliokwisha kwenda zake.

Uliuma. Aliusikia umekunja ngumi, kucha zinachimba kiganja, mara unawaka kama umetiwa pilipili. Kucha zipi? Kiganja kipi? Alinyamaza asije akaitwa mwendawazimu, mpaka mkewe alipomkuta karakana anapapasa hewa.

"Baba watoto, unatafuta nini hapo?"

"Mkono," alisema, machozi yakimlengalenga. "Unaniuma, mke wangu."

Mkewe hakucheka. Kesho yake waliongozana hospitali.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, huna wazimu hata chembe. Mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapiga kelele, na ubongo bado unaujua ule mkono. Unautuma, haujibiwi, basi unapiga yowe. Yowe hilo ndilo maumivu yako. Daktari atakupa dawa za kuituliza mishipa, lakini kwanza tujaribu hiki."

Akasimamisha kioo mezani. Kigutu kikawa nyuma ya kioo, mkono mzima wa kulia mbele.

"Tazama kiooni. Kunja ngumi zote mbili. Haya, fungua polepole."

Fundi alitazama, macho yakamtoka pima. Mle kiooni mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, unafungua kidole kimoja kimoja. Na kule nyuma, kusikokuwa na kitu, ile ngumi iliyomtesa tangu ajali ikalegea.

"Umefunguka!" alipaza sauti. "Mama watoto, umefunguka!"

Mkewe akainama kutazama naye kiooni.

Jioni maumivu yalirudi. Si uchawi ule. Lakini fundi alijitengenezea kioo chake, akawa anafanya zoezi kila asubuhi, anameza dawa, na kukisugua kigutu kwa kitambaa laini. Siku za baridi bado anashindwa. Siku nyingine yowe hushuka likawa mnong'ono, akapiga randa huku ubao umebanwa kwenye jiriwa.

Jirani aliwahi kumchungulia akiwa mbele ya kioo. "Fundi, unajitazama uzuri?"

"Hapana," akajibu, bila kuondoa macho. "Nausalimia mkono wangu."