Wakili wa Marehemu

Mzizi wa ugomvi wote ulikuwa watu wawili ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukutana nao. Wote wawili walikuwa Wamarekani, wote mabingwa wa ndondi wa uzito wa juu wa dunia nzima. Mmoja aliuvaa mkanda zama za Mjerumani, baba yangu akiwa bado anatambaa. Mwingine alikuwa ameuvaa wakati ule ule ninaousimulia, miaka ya hamsini. Wa kwanza alikuwa amekwisha kuzikwa, kwa hiyo kwenye baraza ya bucha la baba, Mlandege, Iringa, walimwita Marehemu. Yule aliye hai walimwita Mkanda. Swali lilikuwa moja tu: wangekutana, nani angemlaza mwenzake?

Utasema hilo ni swali la watu wasio na kazi. Kazi walikuwa nazo, na waliziacha. Nimeona kwa macho yangu dereva wa lori la Mbeya akipigwa jiwe la mizani mdomoni kwa kusema Marehemu alizoea kupigana na wanyonge. Meno yake yalidondoka kwenye sinia la utumbo. Baba aliyaokota, akayatupa uani, akaendelea kukata nyama.

Baba alikuwa mtu wa pwani aliyepanda Iringa na biashara ya ng'ombe. Wakati wa vita alikwenda Burma na jeshi la Keya, na huko, kwenye shuka lililotundikwa kati ya miti miwili, wazungu waliwaonyesha sinema ya zamani ya Marehemu akipigana. Alirudi na kovu la shingo na habari za Marehemu, na kovu alilizungumzia mara chache. Ngumi zake mwenyewe zilikuwa nyepesi kuinuka. Mama alilijua hilo, na sisi watoto tulilijua. Nilimpenda na nilimwogopa, na wakati huo sikuona ajabu yoyote.

Mume wangu baba hakumtaka. Alikuwa Mnyakyusa, Mwislamu safi, lakini mchimbaji wa dhahabu kule Chunya, na baba alitaka mkwe wa kwao. Mama ndiye aliyesimama kidete hadi posa ikakubaliwa. Mchumba alizijua mvua za kule, kwa hiyo mapema alimpa rafiki yake uwakili mbele ya mashahidi, ili barabara ikikatika, ndoa ifungwe bila yeye. Barabara ikakatika kweli. Watu wameketi mikekani, mimi nimo ndani na hina mikononi, ukaingia uvumi kwamba shimo limeporomoka Chunya na yeye alikuwa chini.

Wakili akasema kauli amepewa, ndoa ifungwe. Nilimsikia baba akisimama.

"Aliyekufa hana wakili," alisema. "Akifa aliyekutuma, uwakili wako umekufa naye. Mimi siozeshi binti yangu kwa maiti."

Shehe akatikisa kichwa kukubali. Pilau likapoa. Nilikaa usiku kucha na ile hina, sijui kama ni ya bibi harusi au ya mjane, mpaka siku ya pili dereva mmoja alipofika akasema amemwacha bwana harusi huko huko akila ugali, na shimo lililoporomoka lilikuwa la watu wengine. Ndipo nikaolewa, kwa kinywa cha mtu mwingine.

Mume wangu alipofika, baba alimpa kazi ya kubeba na kukata nyama buchani. Hakumwita mkwe, hakumwita jina. Alimwita "wewe wa Chunya." Wewe wa Chunya, leta ndoo. Wewe wa Chunya, futa damu hapo. Mume wangu alikuwa na mabega mapana na maneno machache. Alileta ndoo, akafuta damu. Jambo lililomuuma aliniambia mimi peke yangu: "Hata kwenye ndoa yangu alisimama mtu mwingine. Baba yako hajaniona nikisimama mahali popote."

Basi siku moja yule dereva wa mapengo akarudi na mdomo wake.

"Mzee, tunagombana bure," alisema. "Marehemu ameshageuka udongo. Atapigana na nani tena?"

Baba akaweka kisu chini. "Watu wanaoana kwa wakili," akasema. "Mume yuko mbali, mke yuko hapa, na ndoa inaswihi. Itakuwaje ngumi zishindwe kusimamiwa?"

Watu walicheka. Halafu kicheko kikapungua, na nikawaona wanaanza kulifikiria jambo lenyewe. Kabla ya chai kupoa walikuwa wamekwisha kupatana. Iringa itoe wakili wa Marehemu, Mbeya itoe wakili wa Mkanda. Kila wakili apigane kama anavyopigana aliyemtuma, asiongeze wala asipunguze. Madereva wakasema mtu wanaye, fundi wa gereji huko Mbeya anayenyanyua injini peke yake. Baba akageuza kichwa, akamtazama mume wangu kwa muda mrefu kama anayekagua fahali mnadani.

"Wewe wa Chunya. Wewe ndiye wakili wa Marehemu."

Niliuona uso wa mume wangu. Uling'aa! Nilitamani kumtupia ndoo.

Mazoezi yalifanyika nyuma ya bucha, palipokuwa pakianikwa ngozi. Marehemu, kwa maelezo ya baba, alishusha mikono yake hadi kiunoni, akamwacha adui aje, akatabasamu. Kwa hiyo mume wangu alikatazwa kuinua mikono. Akiiinua, baba alimchapa mbavuni kwa mpini wa shoka. Akisahau kutabasamu, alichapwa vilevile. Alirudi nyumbani ubavu mmoja umevimba na mwingine mweusi, na akaanza kukojoa mkojo mwekundu. Nilimkanda kwa maji ya moto huku nikimtukana.

"Utakufa kwa ajili ya mtu wa kwenye shuka?"

"Siku hizi mzee ananitazama," alinijibu. "Zamani alikuwa ananipita tu kama mlango."

Niliendelea kumkanda.

Tulikwenda Mbeya kwa lori, juu ya magunia ya mpunga, na baba mbele na dereva. Mimi nilijitia kwenye safari kwa kisingizio cha kuwasalimu wakwe. Pambano lilikuwa uani kwa mfanyabiashara mmoja, ndugu wa mbali wa baba, na sisi wanawake tuliwekwa jikoni kupika pilau la wageni. Mlango wa jiko ulifungukia uani. Wanaume walirudi kutoka sala ya alasiri, wakafunga kamba za lori kwenye nguzo, wakawaviringisha mawakili vitambaa vya merikani mikononi, kwa kuwa glavu hazikuwapo. Baridi ilikuwa kali na ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani.

Yule dereva wa mapengo akasimama katikati akayasoma masharti kwa sauti ya kuadhini.

"Wakili haongezi wala hapunguzi! Na wakili hana ruhusa ya kukubali kushindwa. Hiyo ni kauli ya mwenyewe aliyemtuma!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, maana mwenyewe mmoja alikuwa Amerika juu ya ardhi na mwingine chini yake. Nami nilikuwa nakaanga vitunguu. Nilisikia kicheko, nikahisi kuna kitu hakikai sawa katika uwakili huo, lakini sikukipata.

Mwanzoni, nasema kweli, mume wangu alikuwa mzuri kumtazama. Fundi alikuja kwa kichwa kama anavyokuja Mkanda, akapiga hewa, na mume wangu akatoka kando, mikono kiunoni, akampachika konde kidevuni mpaka magoti ya fundi yakalegea. Akampachika jingine. Mdomo wa fundi ukapasuka, damu ikamwagika kifuani, na mume wangu akatabasamu lile tabasamu alilofundishwa kwa mpini.

"Marehemu huyo!" baba akapiga kelele. "Mwangalieni! Marehemu amerudi!"

Nilimwona mume wangu akilisikia neno lile. Alinyooka.

Lakini Mkanda, walivyomsimulia madereva, hachagui pa kupiga. Fundi alimpiga mikono, alimpiga mabega, alimpiga zile mbavu za mpini, akapiga tena palepale. Mikono ya mume wangu ikafa. Vile vitambaa vya fundi vilikuwa vimelowa damu na kuokota mchanga wa uani, na kila vilipopita usoni vilichuna kama ubao wa kukwaruzia muhogo. Unyusi wa kushoto ukafunguka. Akaanguka, akainuka. Akaanguka, akainuka kwa kushika kamba. Sauti ya ngumi ilikuwa imebadilika, na mimi ni binti wa mchinjaji, naijua sauti ya nyama inayopigwa ikiwa imekwisha kukatwa.

Mgeni mmoja mtu mzima akamwambia baba, "Mzee mwenzangu, simamisha huyu."

"Kauli si yangu," baba akajibu, hata hakumgeukia. "Na Marehemu hakuwahi kusimamishwa."

Mume wangu alikuwa amepiga magoti. Uso wake ulikuwa ukitafuta upande wa sauti ya baba.

"Mzee," alisema. "Jicho hili halioni."

Akainuka. Na sasa akainua mikono yake yote miwili akaufunika uso, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na baba yangu akapiga kelele kwa nguvu zake zote:

"Shusha mikono! Marehemu hakujikinga! Shusha!"

Akashusha. Wallahi alishusha mikono. Konde lililofuata liliingia kwenye jicho lile lile, na nilisikia wanaume wakivuta pumzi kwa pamoja.

Sikumbuki kutoka jikoni. Nakumbuka nina mwiko mkononi, ukoko wa pilau umeganda juu yake, na wanaume wananipisha kwa sababu niliwachoma nao. Nilipita chini ya kamba. Nikasimama mbele ya mume wangu, ambaye hakujua kuwa ni mimi na akajaribu kunipiga.

"Rudi jikoni," baba akasema.

"Huyu nani kamtuma?"

"Rudi jikoni nimekwambia!"

"Nani kamtuma, baba?"

"Marehemu."

"Kazikwa au hajazikwa?"

Baba akapita chini ya kamba kunifuata.

"Mimi nilikaa na hina yangu usiku kucha kwa neno lako mwenyewe," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ikipasuka. "Ulisema mbele ya shehe. Aliyekufa hana wakili. Leo unamuua mume wangu kwa uwakili wa nani?"

Baba aliinua mkono kunipiga. Niliusubiri, na nilikuwa nimeamua nikipigwa nitampiga na mwiko, potelea mbali. Mkono ukabaki juu. Pale uwanjani walijaa watu waliosoma chuo cha Kurani, waliooa, waliosimamia ndoa za wenzao, na kwa miezi yote ile hakuna aliyelifikiria jambo hilo, ijapokuwa jina la Marehemu lilikuwa vinywani mwao kutwa. Wa kwanza kuelewa alikuwa fundi. Alianza kufungua vitambaa vyake kwa meno. Alipomaliza akaenda ukutani akatapika.

Wa mwisho alikuwa mume wangu. Alitema damu miguuni kwangu.

"Nani amekuita?" aliniuliza. "Nilikuwa nimesimama. Nilikuwa bado nimesimama!"

Hospitalini Mbeya walisema jicho halitarudi. Nilikaa kando ya kitanda na yeye akageukia ukuta. Siku aliyoamua kunisemesha, aliniuliza kama ningeshindwa kumwacha raundi moja zaidi. Nikamuuliza kama angefurahi kufa. Akasema angekuwa amemaliza kitu chake mwenyewe, bila mtu kumsimamia. Nililia kwa hasira, maana nilikuwa nimemwokoa na alikuwa ananichukia kwa hilo, na ndani yangu nilijua anachosema. Baba alikuja mara moja, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaondoka bila kuingia.

Tulirudi Iringa. Mume wangu akarudi buchani, kwani angekwenda wapi? Alijifunza upya kukata nyama kwa jicho moja, na vidole vyake vilipata makovu mapya. Baba hakumwita "wewe wa Chunya" tena. Hakumwita chochote. Akitaka kitu alikifuata mwenyewe, na mara nyingine nilimkuta amesimama nyuma ya mume wangu, upande asiouona, anamtazama tu. Baraza ilikuwa na watu, lakini walizungumza bei ya ng'ombe.

Kisha yule dereva wa mapengo akachoka kuvumilia. Ilikuwa asubuhi, bucha limejaa.

"Lakini mzee," akasema, "kwa haki ya Mungu. Wangekutana kweli, nani angeshinda?"

Baba alikuwa akinoa kisu. Alikinoa, akakinoa.

"Sijui," akasema.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Halafu, bila kuinua macho, akasema, "Mwanangu, nipe hilo paja."

Mume wangu alikuwa kushoto kwa duka, anaosha ndoana za kutundikia nyama. Aliendelea kuosha.

"Mwanangu," baba akasema tena, na safari hii aliinua macho.

Mume wangu akageuza kichwa chote, kwa sababu jicho la upande ule lilikuwa limekufa, akatazama mlangoni kuona ni nani aliyekuwa akiitwa.