Mikate ya Lalla Yetto

Tanuri langu liko hatua kumi tu kutoka mlangoni kwa Lalla Yetto, hapa mjini Sefrou. Kwa hiyo siku alipojitwika ubao wa mikate mibichi, akanipita mbio kwenda kuichoma kwenye tanuri la ng'ambo ya mto, nilikasirika hasa. Miaka ishirini namchomea mikate, leo nimemkosea nini?

Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Mwanamke wa miaka sitini na moja, kanzu kaikunja kwa mkono mmoja, anahema. Siku ya nne nikamzibia njia.

"Kama nakuunguzia mikate, niambie usoni."

"Hebu nipishe, Si Bouazza. Daktari kasema moyo wangu umechoka. Nisipoukimbiza taratibu kila siku, sifiki mbali."

"Basi kimbia. Mikate ya nini?"

"Nikikimbia mikono mitupu, si mtaa mzima utatoka kuuliza nani kafa? Nikiwa na ubao, watasema nimechelewa tanuri."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitupa jicho mlangoni kwake, alipoketi mdogo wake Haddou, mtu mzima wa miaka arobaini ambaye akili yake ilibaki ya mtoto, anapanga kokwa za zeituni.

"Yule hali mpaka nimkatie mkate mimi. Naomba kitu kimoja tu: nimzike mimi, asinizike yeye."

Nikamwambia azunguke kilima na mikate yake, halafu airudishe kwangu, nitamwekea nafasi.

Alizunguka miaka kumi na mitatu. Mikate ilifika imebonyea, imelalia upande mmoja, nami nilimgombeza kila siku. Akikawia, natoka kuchungulia. Daktari alimwambia moyo umepata nguvu, basi hapakukalika kwa majigambo yake.

"Mwenzangu na tumbo lako hilo," alinitania, "utakufa umekaa."

Nilimpenda yule mama, nisiseme uongo.

Majira ya baridi yaliyopita nilimwona anateremka kilima mbio, mikono mitupu. Nikaweka koleo chini.

"Haddou?" nikamwuliza.

"Katutoka usingizini. Nilishamkatia mkate wake."

Alisimama mbele ya tanuri, hahemi hata kidogo, ndipo akaanza kulia.