Boga Lililomtaja Mama Sabina

Enzi zetu, mwalimu akikagua kucha asubuhi alikuwa anajua kila mtoto ametoka kwenye tuta lipi. Aliyeng'oa vitunguu alijulikana, na aliyebeba samadi alijulikana hata kabla hajaingia darasani. Siku hizi mtoto akigusa udongo anakimbiziwa sabuni kama amegusa sumu. Juzi mpwa wangu, kijana mwenye ndevu zake, kaniuliza karoti inachumwa kwenye tawi lipi. Nikamwambia tawi la juu kabisa, atafute ngazi.

Sisi tuliokulia Matogoro hatukuwa na namna ya kuikwepa bustani. Ilianzia mlango wa jikoni ikaishia kwenye uzio wa jirani, na mama yangu aliipenda kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo nilivyoona mimi. Kulikuwa na figiri, chainizi, mchicha, nyanya chungu, na maboga yaliyotambaa popote yalipotaka. Mwezi wa sita baridi ya Songea ilikuwa inauma mpaka masikio, ukungu umefunika vilima, na bado mama alikuwa anatugongea mlango: "Amkeni, mboga zina kiu!" Mimi na dada yangu Dafroza tulitoka tumejifunga khanga shingoni, tukinyweshea kwa kopo la mafuta tulilolitoboa matundu kwa msumari. Maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa ovyo, yalikwenda kwenye mchicha. Majivu ya jikoni yalikwenda kwenye kabichi kufukuza wadudu. Hata mtoto akilia, mama alimwambia, "Kalilie kwenye nyanya."

Lakini jamani, utamu wake! Majani ya maboga yaliyochumwa sasa hivi, yakatolewa nyuzi, yakaungwa kwa karanga za kutwanga, na dagaa wa Nyasa pembeni. Ugali ulikuwa unakwisha kabla hatujamaliza kugombana nani kapewa kikubwa.

Jirani yetu alikuwa Mama Sabina, mama mnene mwenye sauti ya kuimba kwaya bila kipaza sauti. Yeye na mama yangu walikuwa kama pua na mdomo. Mbegu walipeana, chumvi walikopeshana, na wakikutana kwenye uzio asubuhi, habari zilikuwa zinakwisha jua likiwa utosini. Tatizo lake lilikuwa moja tu, mti wa mapera. Ulikuwa umeinamia upande wetu kabisa, unatunukia, na Mama Sabina hakutupa hata pera moja. Tukinyoosha mkono tu, tunasikia, "Nyie! Nayajua yote kwa idadi!" Dafroza aliamini kwamba yale mapera yalikuwa na majina.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, Mama Sabina alinikuta nimeshika tawi. Sikuwa nimechuma, nilikuwa nimeshika tu. Akanisema mbele ya watoto wa mtaa mzima, wakanicheka. Niliingia bustanini nikilia kwa hasira, nikakaa kwenye majani ya maboga, na mbele yangu kulikuwa na boga changa, laini, la ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Nikachukua msumari. Nikaandika kwa herufi kubwa, mwandiko mzuri kuliko wa daftari langu lolote: MAMA SABINA. Na chini yake: MCHOYO.

Moyo ulitulia. Nikalifunika kwa majani, nikaenda kucheza rede, nikasahau.

Ninachojua leo, na sikukijua wakati ule, ni kwamba ukilichora boga likiwa changa, kovu linakua pamoja na boga. Wiki tatu baadaye nilikwenda kuchuma majani, nikafunua, nikakuta herufi zimenenepa na kuinuka kama zimeshonwa kwa kamba. Boga lilikuwa limekua kuliko yote. Ungeweza kulisoma ukiwa umesimama mlango wa jikoni.

Nilimwita Dafroza. Alisoma, akajiziba mdomo, akacheka mpaka akakaa kwenye tuta la vitunguu. Kisha akaacha kucheka. "Mama akiona hii, Tasi, utahamia kwa bibi."

Tukaanza kazi ya kulificha. Tulilipaka tope, mvua ikaliosha. Tulimleta mbuzi alile, akanusa, akala khanga ya Dafroza. Mwishowe tukawa tunaligeuza maandishi yatazame chini, mpaka siku moja mama akatukuta. "Boga halibembelezwi kama mtoto," akasema. "Mtakata kikonyo chake. Liacheni!" Tukaliacha, limelalia matusi yake.

Ikafika Jumamosi ya kuamkia misa ya mavuno. Mama alitoka bustanini amekumbatia lile boga kifuani, maandishi yametazama tumbo lake, akaliweka kwenye ungo vilevile, maandishi chini. "Hili," akasema, "linakwenda kanisani kesho."

"Mama, si tupeleke lile dogo? Lile dogo ni zuri pia."

"Mungu apewe dogo, sisi tule kubwa? Wewe Tasiana, dini hiyo umesomea wapi?"

Alipotoka kwenda dukani kununua mafuta ya taa, tuliligeuza lile boga, tukaliangalia kama watu wanaoangalia maiti. Kulifuta haiwezekani. Kulibandua ganda, boga linabaki uchi. Ndipo Dafroza, aliyekuwa wa kwanza darasani, akapata akili. "Tunaongeza SI," akasema.

"Si nini?"

"SI! Mama Sabina si mchoyo. Inakuwa sifa!"

Nilitaka kumbusu. Kabla ya neno MCHOYO kulikuwa na nafasi kidogo, na Dafroza akachonga S na I kwa kisu cha jikoni, huku mimi nikichungulia njia. Ganda lilikuwa limekomaa, kisu kikateleza, S ikatoka kama mnyoo aliyeumwa tumbo. Utomvu ukatoka. Tukaupangusa, tukapaka majivu, tukalirudisha kwenye ungo. Siku ile nilisali rozari nzima bila kuambiwa.

Kesho yake mama alitembea kwenye maandamano ya matoleo, ungo kichwani, umefunikwa kitenge, shingo imenyooka kama bibi harusi. Mimi nilikuwa nyuma yake na fungu la figiri, natetemeka mpaka majani yanadondoka. Misa ikaisha salama. Nikaanza kupumua. Nilikuwa nimesahau kwamba baada ya misa kuna mnada.

Katekista wetu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mapenzi makubwa ya kunadi vitu. Aliuza kuku, akauza mahindi, akauza ndizi. Kisha akainua boga letu juu kwa mikono miwili. "Tazameni baraka hizi! Na limeandikwa! Ngoja tusome." Akalisogeza kwenye miwani. "Mama... Sabina!"

Watu wote wakageuka. Mama Sabina alikuwa amesimama na wanakwaya wenzake, sare imepigwa pasi. "Mimi?" akauliza.

"Wewe! Tusubiri, kuna lingine chini. M... Mcho..." Katekista akalishusha boga kidogo. Akatazama kushoto na kulia. Majivu yetu, wapendwa, yalikuwa yamefanya kazi vizuri mno, yameifunika SI yote. Niliona mama yangu akigeuka polepole kunitazama. Mimi nikamtazama Dafroza. Dafroza alikuwa anatazama mbinguni.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilipiga kelele, "Futa na kidole, Katekista! Kuna SI!"

Akalamba kidole gumba, akafuta. Akavuta pumzi. "SI! Si mchoyo! Mama Sabina si mchoyo!"

Vigelegele vikalipuka. Wanawake wakacheza. Mzee mmoja mtani, akijua anachokifanya, akasema kwa sauti, "Basi tuone!" Akataja bei. Mama Sabina angefanyaje? Angeliacha boga lenye jina lake liende kwa mwingine, angekuwa mchoyo mbele ya parokia nzima. Akapandisha. Mtani akapandisha. Watu wanashangilia kama mpira. Mwishowe Mama Sabina alilinunua lile boga kwa bei ambayo ungepata jogoo na chenji juu yake, akalitwika kichwani, akaondoka nalo akiimba.

Mama alinisogelea, akaniambia maneno mawili tu, kwa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Twende nyumbani."

Adhabu ilikuwa bado inatafutiwa fimbo Mama Sabina alipobisha hodi, sufuria mkononi.

"Shikamoo, mama," tukasema mimi na Dafroza kwa sauti moja, tukiwa nyuma ya mlango.

"Marahaba. Tokeni hapo." Akakaa kwenye kigoda, akatoa kipande cha ganda kwenye mfuko wa gauni, akamwonyesha mama. "Mama Dafroza, tazama. Hizi herufi nyingine zina umri wa miezi miwili. Hii SI imezaliwa jana."

Mama aliinama kushika kandambili. "Dada, nisamehe. Huyu mtoto leo..."

Lakini Mama Sabina alikuwa ameanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka kigoda kikalia pamoja naye. "Usimpige! Tangu nizaliwe sijawahi kupigiwa vigelegele. Ila kwa kuniita mchoyo namdai kazi. Huyu nipe mimi, anyweshee kabichi zangu mpaka mvua zirudi." Kisha akafunua sufuria. Boga lilikuwa limechemshwa na karanga, na alituletea zaidi ya nusu.

Basi nikanyweshea. Kiangazi kizima, asubuhi kwetu, jioni kwake. Nilichukia wiki ya kwanza. Wiki ya tatu nilikuwa naamka kabla ya mama kwenda kuona kabichi zimefunga kiasi gani. Mama Sabina alinifundisha kuotesha kitalu, kuhamisha miche jua likipoa, kuiongelesha pia, ingawa yeye alikuwa anaikaripia zaidi. Na msimu wa mapera ulipofika, alichuma moja, akalipasua, akanionyesha. Funza watupu! "Mti huu ni mgonjwa tangu niolewe," akasema. "Nilikuwa nawakinga msiharishe, nyie mnaniita mchoyo." Akanipa limao badala yake.

Siku hizi ninaishi Mjimwema. Bustani yangu ni viroba vya zamani na ndoo zilizopasuka, nimezipanga uani, lakini mchicha unastawi kiasi cha kunitisha. Mwanangu akiupenda anaupiga picha, na kuukata kwa mkono wake anasema utaumia. Mtaa wetu una kuta ndefu na mageti ya rangi, kila mtu na lake, na hakuna tawi linaloinamia kwa jirani.

Mwezi uliopita mchicha ulizidi. Nikafunga mafungu matatu, nikagonga geti la jirani. Dada mmoja akachungulia kwa kitundu.

"Shilingi ngapi?" akauliza.

"Siuzi, mwanangu. Nimekuletea tu, mimi jirani yako wa upande huu."

Akasogeza jicho kwenye kitundu. "Bure?"

"Bure."

"Kwani una nini huo mchicha?"

Nikamweleza una mbolea ya kuku na maji. Akasema ahsante, watamwuliza kwanza baba mwenye nyumba, nije kesho. Nikarudi na mafungu yangu. Tulikula mchicha siku nne mfululizo, na jina la yule jirani bado silijui.