Barabara Tupu Kwenye Skrini

Bosi wetu alirudi kutoka kwenye maonyesho ya magari akiwa na skrini nne na majivuno ya mtu aliyegundua moto. Mimi nilikuwa karani wake wa mizigo; tulisomba ndizi na kahawa kutoka miteremko ya Meru hadi ghalani Ngarenaro. Kamera zilifungwa mbele ya kila lori, na picha ikapita kwenye mtandao wa simu hadi skrini ya gari linalofuata, ili dereva wa nyuma aone barabara kana kwamba lori la mbele ni la kioo.

Madereva walikuwa na njia yao tayari. Wa mbele akiwasha indiketa ya kushoto, wa nyuma anapita. Akiwasha ya kulia, anatulia. Bosi aliuita huo ushamba, akaupiga marufuku kwa karatasi yenye mhuri iliyobandikwa getini.

Dereva wangu, Mmeru mwenye mvi, hakuisoma. Bosi, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa mwisho, alikuwa na adabu ya ajabu: alimwamkia kwanza, kisha akamtukana.

"Shikamoo mzee. Ile skrini unaitazama au unaiogopa?"

"Marahaba. Naiona, bosi."

"Nikisikia tena unafuata indiketa, utarudi kwenye migomba yako."

Mzee alikuwa na binti chuoni, na kwa umri wake hakuna kampuni nyingine ambayo ingemchukua. Bosi alilijua hilo.

Asubuhi moja bosi alipanda nasi Nkoaranga kumpima mzee. Tulipoteremka, lori la mbele lilitambaa na shehena ya ndizi, indiketa ya kulia ikiwaka. Dereva wake naye hakuwa msomaji. Kwenye skrini yetu barabara ilikuwa tupu, imenyooka.

"Pita," bosi akasema.

"Bado."

"Kwani hapo unaona nini?"

"Naona migomba upande wa kushoto. Hapa kushoto ni korongo. Hiyo migomba tumeshaiacha nyuma, bosi."

"Pita, au shuka."

Mzee aliegesha pembeni, akazima gari, akachomoa ufunguo na kumwekea bosi kiganjani.

"Basi pita wewe."

Bosi alikuwa bado anautazama ufunguo wakati basi dogo lilipochomoza kwenye kona, likipanda kwa kasi. Lilijaa wanakwaya waliovaa sare, wakiimba madirisha wazi, na lilipita palepale ambapo tungekuwa. Kwenye skrini, barabara iliendelea kuwa tupu.

Bosi alimrudishia mzee ufunguo. Tulipofika Ngarenaro aliwaambia mafundi kwamba mtandao wa huko juu ni mbovu, na kwamba dawa yake ni skrini kubwa zaidi.

Karatasi bado ipo getini. Mzee bado anaendesha, na skrini ya gari letu ameitundikia kofia. Bosi huiona kila asubuhi. Humwamkia mzee kama kawaida, na siku hizi salamu huishia hapo.