Chumvi Niliyokula na Yona

Usiku ule nililala nikiwa nimebakiza ushindi mmoja tu nirudi kwa mama. Ndiyo iliyokuwa sheria ya uwanja wetu wa mapigano: mtumwa akishinda mara kumi, anafunguliwa minyororo na kuonyeshwa lango. Mimi nilikuwa nimeshinda mara tisa. Kulipokucha ningepigana na Yona, mfinyanzi aliyekamatwa kwa kukataa kuisujudia sanamu ya mfalme, mtu asiyejua hata kushika upanga. Sitaficha, nilifurahi. Kisha nikajichukia kwa kufurahi, na katika kuvutana huko usingizi ukanipitia.

Akaja Mzee Elia.

Huyu ndiye aliyenifundisha kupigana, na ndiye niliyemuua katika ushindi wangu wa tisa. Wasimamizi walitupambanisha kwa makusudi, wapate kuburudika. Aliitupa ngao yake, akapiga magoti akisali, nami nikafanya nilichoamriwa. Tangu siku ile sikuwa nimelitaja jina lake.

Ndotoni hakuwa na jeraha lolote. Alisimama mlangoni mwa chumba changu, mlango ukiwa wazi, akaniambia, "Amka, mwanangu. Chakula kinapoa."

Nikamfuata. Tulipita ukumbi wa gereza, na ukumbi ukawa kichochoro cha kwetu, na moshi wa kuni ukanijia puani, nikaanza kukimbia. Mama yuko jikoni. Amenipa mgongo, anapuliza moto. Namwita. Hageuki. Namwita tena mpaka koo linaniuma.

"Hakusikii," anasema Mzee Elia. "Yeye bado yuko upande wa walio hai."

Amekwisha kuketi mkekani. Mbele yake pana sinia la ugali wa mtama na mboga, na upande wa pili ameketi Yona, amenawa mikono, ananingoja. Nasita. Uwanjani kwetu wapinzani hawali pamoja hata siku moja. Wasimamizi walilichunga sana jambo hilo, maana aliyekula chumvi na mtu, mkono wake humwia mzito.

"Siketi, Mzee," nasema. "Nikila naye nitashindwa kumuua."

"Ndiyo maana nimekuita."

Nikaketi. Nilikuwa na njaa ya miaka, si ya chakula, bali ya kula na watu. Yona akanisogezea mboga upande wangu, kama ndugu afanyavyo. Nikafinyanga tonge, na jingine, na jingine.

"Bado unakula kama mwizi anayefukuzwa," Mzee Elia akanitania, sauti ileile ya siku zote. Nikacheka. Katikati ya kicheko nikaanza kulia.

"Mzee, mimi ndiye niliyekuua."

"Damu yangu nimekusamehe." Ananitazama bila hasira. "Ya huyu utamwomba nani?"

Namtazama mama, anakoroga chungu chake, nywele zake zimeota mvi ambazo sikumwacha nazo.

"Na mama je?"

Mzee Elia naye akamtazama. "Bwana niliyemwomba siku ile anamwona na yeye."

Nilitaka aongeze neno. Nilitaka aseme nitamwona, hata mara moja, hata kwa mbali. Hakusema. Jiko likaanza kufifia, moto, mgongo wa mama, mkeka, nami nikashika hewa.

Nikaamka mashavu yamelowa. Mlinzi alikuwa akigonga mlango kwa rungu. "Haya, bingwa! Leo ndiyo leo. Jioni uko njiani kwenu."

Nikakaa kitandani. Sijawahi kupatamani nyumbani kama asubuhi ile. Kisha nikasimama, nikamwambia amwarifu msimamizi kwamba sitamuua Yona.

Alicheka kwanza. Aliponitazama vizuri, akaacha. "Una wazimu? Basi kwenu hutapaona tena."

"Najua," nikamwambia, na nikamlilia mama palepale mbele yake, bila haya.