Posa Niliyoipeleka Nizwa

Niliondoka Ibra, huku Oman, kwenda kuposa. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nikisomesha historia skuli ya wavulana. Salma, dada wa mwalimu mwenzangu, alikwisha kuridhia. Lililobaki ni idhini ya baba yake. Nilifuatana na Ammi Seif, ndugu wa marehemu baba yangu, mzaliwa wa Unguja kama mimi.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Njia nzima ammi alirudiarudia maneno ya posa kwa Kiarabu, asije akachanganya Kiswahili.

Saa nne tuliingia Nizwa. Baba yake Salma alitukaribisha kwa kahawa na halua, kisha akatutembeza kwenye falaji, mfereji unaonywesha mitende yake. Alifurahi kusikia nasomesha historia.

"Wengine husema mifereji hii asili yake Waajemi," alisema. "Walitutawala, wakajiona wao ndio watu. Ikaja barua ya Mtume. Sisi tukasilimu, wao wakakataa. Tukapigana nao mpaka wakapanda vyombo wakenda zao. Haukupita muda, na dola yao huko kwao ikaanguka. Unajua kwa nini, mwalimu?"

"Kibri," nilimjibu.

"Naam. Uislamu umewafanya watu sawa."

Moyo wangu ulitulia.

Baada ya chakula cha mchana, ammi alilisema lililotuleta. Mzee aliuliza babu yangu ni nani, akaridhika. Akauliza mama yangu ni wa kabila gani.

"Mnyamwezi," nilisema.

Mzee alikiweka chini kikombe chake cha kahawa. "Nyinyi ni ndugu zetu. Lakini watu watasema."

"Sheikh," alisema ammi, "si umetueleza sasa hivi habari za Waajemi?"

"Ile ni historia. Hii ni nyumba yangu."

Wakati wa kurudi, mimi ndiye niliyeendesha gari. Miaka sita nimewaambia wanafunzi kwamba kibri kiliondoka na Waajemi. Nilikuwa nawadanganya, nami sijui.

"Usimwambie mama yako sababu," alisema ammi tulipoikaribia Ibra.

Magharibi tulifika nyumbani. Nilimwambia mama kwamba mahari yametushinda. Aliingia chumbani, akarudi na bangili zake za dhahabu, alizotoka nazo Unguja.

"Uza hizi, mwanangu," alisema. "Kisha urudi ukampose."

Nilizipokea. Kuzikataa kungenilazimu kusema kweli.